Mshenga wa Maganda ya Mayai

Ukitaka habari za Makina, pale Kibera, huna haja ya redio. Nenda kwa Mama Audrey ununue mgongo wazi, halafu usiwe na haraka ya kuondoka.

Mama Audrey ni Aoko. Yeye hukaanga samaki kwenye lango la ploti anayoishi. Mgongo wazi ni mifupa ya samaki mbuta, ile inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu yote. Kichwa kipo, mkia upo, lakini katikati unaona hadi ng'ambo. Hata hivyo, Aoko akiutia kwenye karai, ukakauka vizuri, ukapata chumvi na pilipili, mtu hula mpaka akasahau kwamba anakula mifupa.

Wapangaji wote hupita langoni. Wakipita, husimama. Wakisimama, husema. Nani ameachwa, nani amerudiwa, nani amenunua godoro jipya na kwa nini. Aoko haulizi mtu. Yeye hugeuza samaki tu, na habari zinakuja zenyewe.

Mume wake, Nicanor, hubeba simiti katika duka moja la hardware kule Kawangware, kituo cha 56. Nicanor ni mtu mzuri. Ila ana ugonjwa mmoja: akirudi nyumbani jioni, hurudi na wazo. Mwaka huo walikuwa wamefuga sungura, wakatangaza sungura, na mwisho wakawala sungura wenyewe.

Sasa shida ilikuwa mafuta.

Aoko alikuwa akikaangia mafuta yale yale hadi yanakuwa meusi na kutoa povu. Yakifika hapo, aliyamwaga kwenye mtaro wa ploti. Yakiwa moto, yalienda vizuri kama maji. Yakipoa, yalishikana na magamba ya samaki na mchanga. Mtaro ukaziba polepole, na hakuna aliyejua.

Siku ya kujua ilifika siku ya Jumamosi. Mwenye ploti, Sitelbanat, ni Mnubi wa hapo hapo Makina. Ploti aliachiwa na baba yake. Binti yake, Hanan, alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Haroun. Jumamosi hiyo shangazi za Haroun walikuja kupanga mambo ya harusi. Walikuja na manukato, leso mpya na viatu vyeupe.

Mtaro nao ukaamua kurudisha kila kitu.

"Mama Audrey!" Sitelbanat aliita. "Hebu njoo uone wageni wangu wanavyoogelea!"

Aoko alifika mbio. Shangazi za Haroun walikuwa wamepanda juu ya makochi, viatu mkononi. Maji yenye mafuta yalikuwa yameshafika kwenye zulia.

"Pole sana, Mama Hanan. Nitasafisha mimi mwenyewe."

"Utasafisha, ndiyo. Na pia unisikilize. Harusi ni mwezi ujao. Nikiona tena mafuta kwa mtaro wangu, lango nampa yule jamaa wa viazi. Chumba chako utabaki nacho. Lakini karai hapo mbele, hapana!"

Aoko aliinama akaanza kuchota maji. Alijua maana ya maneno hayo. Bila lango hakuna biashara. Nani ataingia ndani ya ploti, apite nguo za watu na choo, kutafuta samaki? Lango ndilo lililolisha nyumba yake.

Siku iliyofuata alikuja mwanamume mmoja na jerikani. "Mama, mafuta yaliyochoka niuzie mimi. Nayachuja, nawapelekea watu wa chipsi."

"Haya meusi hivi? Watu wayale tena?"

"Si hawatajua?"

"Matumbo yao yatajua," Aoko alisema. "Nenda salama."

Kwa hivyo mafuta yakabaki. Aoko akayaweka kwenye jerikani chini ya kitanda. Jerikani ya kwanza ikajaa. Ya pili ikaanza kujaa. Nyumba ikanuka mpaka hata ndoto zao zikawa na samaki.

Jioni moja Nicanor alirudi kutoka kazini akitabasamu. Aoko aliona tabasamu hilo akaweka mwiko chini.

"Yawa, Baba Audrey. Usiniambie ni sungura tena."

"Si sungura. Dizeli!"

"Dizeli imefanya nini?"

"Tutapika dizeli. Haya mafuta yako. Nimeona kwa simu. Unachukua mafuta ya kupikia, unachanganya na kitu inaitwa methanoli, unatia kostiki soda, unakoroga. Inatoka dizeli safi. Tunauzia Mzee Murjan wa mashine ya kusaga unga. Mtaro haupati kitu, Mama Hanan hana neno."

Lilikuwa wazo la maana kuliko yote aliyowahi kuleta. Hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Kostiki soda alipewa na jirani yao Benard, ambaye hutengeneza sabuni. Methanoli aliitafuta mjini. Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, alimwaga mafuta ya samaki kwenye ndoo nyuma ya choo. Hakuyachuja. Hakuyakausha maji. Akatia kila kitu, akakoroga kwa nguvu.

"Baba Audrey! Huo si mwiko wangu wa ugali?"

"Ulikuwa," Nicanor alisema.

Alikoroga hadi jasho likamtoka. Mafuta yakaanza kuwa mazito. Yakawa kama uji. Baadaye yakawa kama uji wa jana.

"Sasa dizeli iko wapi?" Aoko aliuliza.

"Ngoja. Inaiva."

Walingoja hadi asubuhi. Haikuiva. Mwiko ulisimama wenyewe katikati ya ndoo. Aoko alichota kidogo kwa kijiti, akatia kwenye maji, akakoroga. Povu likapanda.

"Hii ni sabuni," alisema.

"Haiwezekani."

"Nicanor, mimi nafua nguo zako. Sabuni naijua."

Hapo Aoko naye akapata wazo. Tuseme ugonjwa huo huambukiza. Alijaza beseni moja, akampelekea Sitelbanat ili kuomba msamaha. Sitelbanat alifurahi. Siku hiyo hiyo alifua mapazia, vitambaa vya makochi na mito yote ya harusi, akaanika.

Jua lilipopiga vile vitambaa, harufu ikaamka.

Paka wa kwanza alikuwa wa jirani. Wa pili alitoka msikitini. Mchana ulipofika katikati, paka wote wa Makina walikuwa wamekaa chini ya kamba, wakitazama mapazia kama watu wanaotazama mpira. Wengine hata hawakuwa wa Makina. Mmoja alipanda akaanza kulamba mto.

"Mama Audreeey!"

Aoko alitoka. Sitelbanat alikuwa amesimama katikati ya paka, ameinua mikono yake. Ilikuwa myekundu.

"Umenipa sabuni ya samaki! Na inawasha! Mwanangu ataolewa ndani ya nyumba inanuka kama soko la Gikomba? Ya Rabi! Sikia. Lango ni lako mpaka wiki ya harusi. Baada ya hapo ni la viazi. Sitaki kusikia lingine."

Habari za paka hazikukaa Makina. Zilipanda, zikapita Ngong Road, zikafika Kawangware kabla ya jua kutua. Zilimkuta Adero.

Adero na Aoko waliwahi kuimba kwaya moja, kabla Adero hajahamia Kawangware. Siku hizi Adero hufanya kazi katika karakana moja ya huko Kawangware, upande unaoitwa Congo. Ana cheti cha maabara na sauti ya kusikika bila maikrofoni. Kesho yake alikuwa langoni kwa Aoko, anacheka kabla hata ya kusalimia.

"Ati paka walikuja harusi bila kadi?"

"Adero, usinicheke. Nimepoteza lango."

"Haya, sicheki." Akacheka tena kidogo. "Niambie mlifanya nini. Usiruke kitu."

Nicanor alimweleza yote. Adero alisikiliza huku akivunja mgongo wazi.

"Shemeji," alisema mwishowe, "wewe hukukosea sana. Karakana yetu inafanya kazi hiyo hiyo. Mafuta ya kupikia yakikutana na methanoli, yanaweza kuwa dizeli. Watu huiita bayodizeli. Lakini hao wawili wakiachwa peke yao, wanatazamana tu. Kila mmoja anaona haya. Hapo unahitaji kichocheo. Mnajua jagam?"

"Mshenga," alisema Aoko. "Yule wa kupatanisha bwana na bibi."

"Huyo huyo. Mshenga hufanya nini? Anawaleta pamoja, ndoa inakuwa. Yeye mwenyewe haolewi. Anapewa chakula chake, anaondoka, anaenda kutafutia watu wengine. Kichocheo ni mshenga. Kinafanya kazi iende haraka, lakini chenyewe hakigeuki kuwa dizeli."

"Na kostiki soda?" Nicanor aliuliza.

"Kostiki pia ni mshenga. Ila ni mshenga mwenye matata. Anayeyuka ndani ya methanoli, anaenea kila mahali. Kumtoa ni kazi, lazima uoshe dizeli kwa maji mengi. Na akikuta mafuta yana maji, au yameungua sana hadi yamekuwa na asidi, anaacha kazi ya ushenga. Anajioza mwenyewe! Yeye na ile asidi, mtoto wao ni sabuni."

Aoko alipiga makofi. "Mshenga kamuoa bibi harusi!"

"Na akakaa kitandani, hatoki. Ndiyo ndoo yenu hiyo. Halafu ile sabuni ina kostiki na methanoli ndani. Si ya kufulia wala kuoga. Mama wa watu ashukuru ni kuwashwa tu."

"Sasa nyinyi mnatumia nini?"

"Sisi tunatumia mshenga mgumu. Yaani kichocheo ambacho ni unga, hakiyeyuki kama kostiki. Kinakaa kwenye mafuta kama mchanga kwenye maji. Kazi ikiisha, tunachuja, unga unabaki kwenye kitambaa. Kesho tunautumia tena. Hatuhitaji maji mengi ya kuosha. Na unajua unga huo unatoka wapi? Maganda ya mayai. Ukiyachoma vizuri yanakuwa chokaa kali, na hiyo chokaa..."

Adero aliendelea kueleza. Alieleza kuhusu tanuri. Alieleza kuhusu joto. Alieleza kwa nini kazi hii haifanywi nyumbani. Lakini Nicanor alikuwa ameshasikia neno moja, na lilimtosha. Maganda.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, Nicanor aliamka mapema. Jioni iliyotangulia alikuwa amepita kwa wauza mayai boilo wote aliowajua, akajaza gunia. Sasa aliwasha jiko la makaa kwenye kona ya ploti, karibu na ukuta wa Sitelbanat. Akamwaga maganda juu. Moshi ulipomzidi, alijifunga leso ya mke wake kichwani. Akawa anazunguka jiko, anapepea, na anajiambia kwa sauti ya chini yale aliyokumbuka.

Benard, yule wa sabuni, alitoka kwenda chooni. Aliona moshi. Alisikia harufu ya nywele zilizoungua. Aliona mwanamume mwenye leso kichwani akizunguka maganda ya mayai na kunong'ona, mbele ya nyumba yenye harusi.

Benard hakufika chooni.

"Uchawi!" alipiga kelele. "Jameni, Nicanor anatuchoma!"

Milango ikafunguka. Watu wakatoka na mito, na miswaki, na mmoja na redio. Sitelbanat alitoka na kaka yake Murjan, mwenye mashine ya kusaga unga, ambaye alikuwa amelala hapo kwa sababu ya maandalizi.

"Mayai!" Sitelbanat alisema, amejishika kifua. "Kwa mlango wa mwanangu! Nicanor, nimekukosea nini?"

"Mama Hanan, ni kichocheo," alisema Nicanor.

"Mmemsikia! Amekiri, na jina la uchawi wake ametaja!"

"Ni mshenga..."

"Mshenga tunaye! Hatukuagiza wa moshi!"

Kila Nicanor alipofungua mdomo, mambo yalizidi kuharibika. Aoko alimsukuma nyuma, akasimama mbele ya Sitelbanat. Hakupiga kelele.

"Mama Hanan, nimeishi hapa kwako muda mrefu. Hata ukinizika leo, unajua deni zangu zote na siri zangu zote. Mimi si mchawi, na huyu mume wangu ni mjinga kidogo tu."

"Kidogo?" alisema mtu nyuma.

"Mafuta yangu yamekuletea aibu, hilo nakubali. Lakini kuna mahali yanageuzwa kuwa dizeli kwa njia nzuri. Ni Kawangware. Twende pamoja Jumamosi, wewe na Mzee Murjan. Mwone kwa macho yenu. Mkiona ni upuzi, lango nitalifagia mwenyewe na kumkabidhi jamaa wa viazi. Mkiona ni kweli, niachie lango langu."

Sitelbanat alimtazama kaka yake. Murjan aliinua kipande cha ganda, akakigeuza. Kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria.

"Dizeli bei iko juu," alisema polepole. "Mimi nitaenda. Hata kama ni uchawi, nitauliza bei yake."

Jumamosi walienda Kawangware. Nicanor alibeba jerikani mbili. Aoko alibeba matumaini. Sitelbanat alibeba chupa ndogo ya manukato, akiinusa kila hatua.

Karakana ya Adero ilikuwa banda refu lisilo na kuta pande mbili, ili upepo upite. Adero aliwakaribisha, akawapa miwani mikubwa ya plastiki na glavu.

"Hapa hakuna kuvuta sigara, hakuna jiko, hakuna kuonja," alisema. "Methanoli ni sumu. Kidogo tu ukinywa, unapofuka macho au unakufa. Ukivuta mvuke wake, unaumia. Na inashika moto haraka, mwali wake huwezi kuuona vizuri. Shemeji, ile yako iko wapi?"

Nicanor alitoa chupa iliyobaki, akiishika kama nyoka. "Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati. Benard aliinusa akauliza kama ni pombe ya chang'aa."

Murjan alirudi nyuma hatua moja. Hata Sitelbanat alisahau manukato yake.

"Hiyo haitarudi kwako," alisema Adero, na hakuwa anacheka. Aliifungia kwenye kabati la chuma. "Kila mwaka tunazika watu kwa sababu ya chupa kama hii."

Kisha alifungua jerikani ya kwanza ya Aoko. Alichota kidogo, akatia matone ya dawa, akatazama rangi.

"Hii imekufa."

Aoko alisogea karibu. "Imekufa vipi?"

"Umeikaangia hadi imeungua. Imejaa asidi. Hata mshenga mgumu akikutana na asidi nyingi hivi, anaharibika, anatoa sabuni. Hii itaenda kwa watu wanaojua kuishughulikia peke yake."

Sitelbanat alikohoa kidogo. Kikohozi hicho kilikuwa na harufu ya viazi.

Adero alifungua jerikani ya pili. Aoko aliikumbuka. Ilikuwa ya siku za karibuni, alipozidi kuogopa mtaro, akawa anabadilisha mafuta mapema. Matone yakaingia. Adero alitazama kwa muda mrefu mpaka Nicanor akaanza kuomba kwa sauti.

"Hii iko hai," alisema Adero.

Aoko alikaa chini juu ya ndoo.

Adero aliwapeleka kwenye tanuri la umeme. Pembeni kulikuwa na maganda yaliyooshwa, yaliyotolewa ngozi ile nyembamba ya ndani, yakakaushwa.

"Shemeji, jiko lako liliyatoa meusi kwa sababu joto halikutosha. Uliunguza uchafu tu, ganda likabaki ganda. Hili tanuri hufika karibu digrii mia tisa, na maganda hukaa humo kwa saa kadhaa. Angalieni yanavyotoka."

Alifunua kopo. Ndani kulikuwa na unga mweupe kabisa. Alitia kijiko kimoja kwenye sahani ya chuma, akadondosha maji. Unga ukachemka, ukatoa mvuke.

Sitelbanat aliruka nyuma ya Murjan. "Astaghfirullah! Haina moto, na inachemka!"

"Hiyo ni chokaa kali, mama. Ndiyo maana tunavaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, na jicho lina maji, mnaona itakavyofanya. Na ndiyo maana tunaifunga kwenye kopo. Ikikaa wazi inavuta unyevu na hewa, inalegea, haifanyi kazi."

Baada ya hapo aliyachuja mafuta ya Aoko, akayapasha hadi maji yote yakatoka, akayaacha yapoe kidogo. Akayatia kwenye tangi lenye kifuniko, pamoja na methanoli na ule unga mweupe. Tangi lilipashwa kwa maji ya moto yaliyozunguka nje yake. Hakukuwa na moto wazi popote. Mashine ikaanza kukoroga.

"Sasa?" aliuliza Murjan.

"Sasa tunawaacha waelewane. Itachukua saa kama tatu. Huku tunaongea."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Adero aliwahi kupanga chumba kwa binamu wa Sitelbanat, na kwamba binamu huyo alidai maji ya mvua yalipiwe. Waliongea. Walitoka nje kunywa chai, wakaongea tena. Mashine iliponyamaza, ilibidi waitwe.

Adero alichuja. Unga ukabaki kwenye kitambaa. "Huyu mshenga ataoshwa kwa methanoli, atakaushwa, atarudi kazini. Siku akichoka, tunamrudisha kwenye tanuri. Na hatimaye atazeeka kabisa, hakuna mshenga wa milele."

Kilichochujwa alikiacha kitulie, akawaonyesha chupa nyingine ya kioo iliyotulia tangu jana. Chini kulikuwa na maji mazito ya rangi ya asali. "Hiyo ni glisarini." Juu kulikuwa na mafuta ya manjano, mepesi, unaweza kusoma gazeti nyuma yake. "Na hiyo, Mzee Murjan, ndiyo dizeli. Methanoli iliyobaki lazima itolewe kwanza, na tuipime. Halafu utaanza kwa kuichanganya na dizeli ya kawaida, si kuitia yote mara moja."

Sitelbanat alivua glavu. Alitoa mkono uliokuwa umewashwa na sabuni, akainusa chupa kwa mbali.

"Hakuna samaki," alisema. Alisema kwa masikitiko kidogo, kama mtu aliyekuja kugombana akakuta nyumba imefungwa.

Dizeli ya Aoko ilipokuwa tayari, Murjan aliichanganya kama alivyoambiwa. Ilikuwa siku ambayo stima zilipotea Makina, mashine za umeme zikazima, na foleni ya watu wenye mahindi ilikuwa hadi barabarani. Wapangaji wote walikuja kutazama. Aoko alisimama mbele, amekunja mikono. Sitelbanat alisimama karibu naye.

Murjan alizungusha mkono wa injini. Ikakohoa. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Tu-tu-tu-tu-tu. Unga ukaanza kumwagika.

Watu walipiga vigelegele. Kisha mwanamke mmoja kwenye foleni akainua pua.

"Nani anapika chipsi hapa?"

"Ni injini," alisema Nicanor kwa fahari.

"Injini gani inanipa njaa?"

Siku hiyo Murjan alisaga mahindi hadi jioni, na kila mtu aliyetoka kwenye mashine alitoka akiuliza chakula kiko wapi. Wengi walishuka moja kwa moja hadi langoni kwa Aoko. Samaki waliisha mapema.

Siku hizi Aoko hangoji mafuta yawe meusi. Kila jioni huchuja mabaki ya samaki, hufunika mafuta yasiingie maji, na yakianza kubadilika rangi huyatia kwenye jerikani yenye kifuniko. Jerikani iko nje, kivulini, si chini ya kitanda. Gari la karakana huja kuichukua. Wauza mayai nao huweka maganda yao kwenye gunia hapo hapo. Hakuna anayepika dizeli nyumbani. Nicanor amekatazwa hata kuchemsha mayai asubuhi. Mtaro unapitisha maji kama ulivyojengwa kupitisha, na samaki, wateja wanasema, wamekuwa watamu zaidi.

Harusi ya Hanan ilikuja, ikajaza Makina. Sambusa zilikaangwa hadi watu wakachoka kukaanga. Siku iliyofuata, Sitelbanat alikuja langoni akiwa amebeba sufuria kubwa ya mafuta kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Audrey. Haya tunaweka wapi?"

Aoko alichungulia. Aliona vipande vya nyama, unga ulioungua, na kijiko.

"Mama Hanan, haya hayaendi hivi. Lazima yachujwe kwanza. Adero atayakataa."

"Ayakatae? Mafuta ya harusi ya mwanangu?"

"Yangu aliyaita maiti mbele yako."

Sitelbanat aliweka sufuria chini. Alivuta kigoda, akakaa karibu na karai. Alipewa kitambaa na bakuli, akaonyeshwa namna ya kushika. Akaanza kuchuja, hina ya harusi bado mpya kwenye vidole.

"Basi lango?" Aoko aliuliza kwa sauti ndogo, macho yake kwenye samaki.

"Lango gani? Kwani uliambiwa uhame?" alisema Sitelbanat. "Shika kitambaa upande huo, kinateleza."

Wakati huo fundi mmoja wa viatu alisimama mbele yao. Alikuwa mgeni mtaani. Alimtazama Sitelbanat, mwenye ploti, binti wa mwenye ploti, akiwa na mafuta hadi viwiko.

"Mathe, nipatie kichwa moja, ile imekauka."

Aoko alinyoosha mkono achukue koleo.

Sitelbanat alimtazama fundi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha alichukua koleo, akachagua kichwa kikubwa kuliko vyote.

"Chumvi utajitilia mwenyewe," alisema. "Mimi leo ndio nimeanza kazi."